Kuitazama Matewan na watu wa shifti ya usiku

Matewan ni filamu ya mwaka 1987 iliyoongozwa na John Sayles. Inasimulia mgomo wa wachimba makaa ya mawe wa kaunti ya Mingo, jimbo la West Virginia, mwaka 1920, walipotaka kujiunga na chama cha wachimba migodi, United Mine Workers. Tuliitazama pamoja, wafanyakazi wa shifti ya usiku, katika ukumbi wa kanisa hapa Lexington, Kentucky. Wakati huo kadi za chama, zile mtu anazosaini kusema anataka chama cha wafanyakazi, zilikuwa zikipita mkono kwa mkono kiwandani kwetu, na wasimamizi walikuwa wameshaanza kuulizia nani anazigawa. Ninawaandikia ndugu wanaozungumza Kiswahili walio katika viwanda na maghala ya nchi hii, ambao wako njia moja na sisi au wataingia kesho. Filamu hii inaweza kuwafaa sana, na inaweza pia kuwavuruga. Sisi ilitufanyia yote mawili.

Kiwanda chetu kinafungasha chakula. Usiku, karibu laini yote ni watu wa Kongo: Wabembe, Wafuliiru, Banyamulenge, na wengi wetu tulipita Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kigoma, Tanzania. Mimi nilifundisha shule ya msingi ndani ya kambi ile, ndiyo maana hadi leo kazini naitwa Mwalimu. Shifti ya mchana ni mchanganyiko: wazungu waliotoka milima ya mashariki ya Kentucky, Wamarekani weusi, na watu wa Guatemala na Mexico. Shifti hizi mbili zilikuwa zinapishana mlangoni bila salamu. Tangu tulipofika kulikuwa na maneno kwamba sisi "tumeletwa", kwamba kampuni iliwatafuta wakimbizi ili mishahara isipande. Maneno hayo yalituuma kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Hakuna kati yetu aliyekuja kumshusha mtu mshahara. Lakini watu wa huku walikuwa wakiiacha kazi ile kwa ujira wake na baridi yake, na nafasi zao ndizo tulizopewa sisi.

Wazo la filamu lilitoka kwa mzee mmoja wa shifti ya mchana, mzaliwa wa kaunti ya Pike. Kaunti hiyo ndiyo inayopakana na mji wa Matewan wenyewe, mto Tug Fork tu ndio unaozitenganisha. Baba yake na babu yake walichimba makaa. Alikuwa amesaini kadi, akawa ananisaidia kuelewa sheria, na siku moja wakati wa kubadilishana shifti akaniambia kwamba kama nataka watu wangu waelewe kwa nini watu wake wana hasira, na kwa nini hasira hiyo imeelekezwa pasipostahili, tuitazame filamu ile pamoja.

Gharama kwanza, maana hakuna anayewaambia watu mambo haya. DVD tuliazima maktaba ya umma bila malipo. Lakini katika nchi hii, kuonyesha filamu mbele ya watu nje ya nyumba yako kunahitaji kibali cha wenye haki, hata kama hamtozi kiingilio na hata kama ni kanisani. Tuliwauliza watu wa maktaba, wakatuonyesha pa kuomba, tukachanga ada yake. Fanyeni hivyo mapema, kwa sababu mkiwa kwenye kampeni ya chama hamtaki kumpa mtu yeyote sababu ndogo ya kuwashtaki. Chakula kilipikwa na akina mama: sombe, maharagwe na wali. Usafiri ulikuwa wa kupeana lifti. Gharama kubwa kuliko zote ilikuwa ovataimu. Waliokuja waliacha saa za Jumamosi ambazo hulipwa mara moja na nusu, na kuna baba mwenye watoto sita ambaye kwake saa hizo ni unga wa wiki nzima. Mtu anapokuja kwenye mkutano wenu, jueni amelipa kiingilio ambacho hamkioni.

Jioni ya kwanza ilikaribia kuharibika kwa sababu ya lugha. Kiingereza cha filamu ile ni cha milimani, cha miaka mia iliyopita. Vijana wetu waliomaliza sekondari hapa hapa Lexington walikuwa wanatazamana. Tuliweka maandishi ya chini ya Kiingereza, yakapita upesi kuliko macho ya wazee. Wakalimani wakaanza kunong'ona, huku Kiswahili, kule Kinyamulenge, pembeni Kihispania, hadi ukumbi mzima ukavuma na mazungumzo ya filamu yakazama. Tukasimamisha. Kilichofaa baadaye ni hiki: kabla ya kila sehemu, mtu mmoja anaeleza kwa dakika mbili nani ni nani na nini kinakuja, kisha filamu inapigwa bila mtu kusema, kisha inasimamishwa na watu wanauliza. Na tuligawa filamu jioni mbili. Ni filamu ya zaidi ya saa mbili, na ukiongeza kueleza na maswali haiwezekani usiku mmoja kwa watu waliotoka kwenye laini.

Anayeeleza aijue filamu vizuri kabla. Aanze na makampuni. Mwaka 1920 katika machimbo yale nyumba ilikuwa ya kampuni, duka la kampuni, daktari wa kampuni, na hata barabara. Mchimbaji mara nyingi alilipwa kwa sarafu na karatasi zilizotolewa na kampuni yenyewe, ambazo thamani yake kamili ilikuwa katika duka la kampuni tu. Aliyejiunga na chama alifukuzwa kazi na nyumba siku moja. Mapema katika filamu, msimamizi anawasomea wachimbaji wapya yatakayokatwa kwenye ujira wao: sururu, baruti, taa, matibabu, na nauli ya treni iliyowaleta.

Kwenye nauli ya treni, ukumbi uliguna. Sisi wakimbizi tulipoletwa Marekani tulisaini deni la tiketi ya ndege, na baada ya miezi michache tukaanza kulilipa kidogo kidogo. Deni letu halina riba na halihusiani na mwajiri, na nililisema hilo wazi ili pasiwe na uongo. Hata hivyo watu walikuwa wameshajiona. Mtu anayeanza maisha akiwa na deni la safari yake anajua kwa nini hasemi kitu msimamizi anapomkaripia.

Kuna pia sehemu ya treni yenyewe. Wachimbaji wa huko wako kwenye mgomo, kampuni imeleta watu weusi kutoka Kusini, na wengi wao hawakuambiwa kwamba kuna mgomo. Treni inasimama kabla ya kufika mjini, wanashushwa, na wagomaji wanawatokea na marungu na mawe. Katika ukumbi wetu hapakuwa na sauti. Mzee mmoja wa Fizi, kule Kongo, mtu asiyesema sana, akainua mkono.

"Mwalimu, rudisha nyuma kidogo."

Nikarudisha. Akaangalia tena wale watu wakipigwa kando ya reli.

"Hawa wanaopigwa, wanajua wamekosa nini?"

"Hapana, mzee. Wameambiwa kuna kazi."

"Na wanaowapiga?"

"Hao ndio wenye mgomo."

Akanyamaza, kisha akasema, kwa sauti ya kutosha wote kusikia: "Basi hao ni sisi." Na wale wachache wa shifti ya mchana waliokaa nyuma waliomba watafsiriwe alichosema. Nilitafsiri bila kupunguza.

Kama mna muda wa kuonyesha dakika arobaini tu za filamu hii, onyesheni zinazofuata. Usiku, wagomaji wamekutana kwa siri, mwakilishi wa chama Joe Kenehan yupo kati yao, na mtu mkubwa mweusi anaingia mlangoni peke yake. Anaitwa Few Clothes Johnson, ameigizwa na James Earl Jones. Ametoka kwa wale walioletwa na treni. Wanamtukana, na mmoja anamwita mvunja mgomo. Anajibu kwamba ametukanwa kwa rangi yake maisha yake yote na hilo hana la kulifanya, lakini hakuna aliyewahi kumwita mvunja mgomo, wala hataruhusu waanze leo. Yuko tayari kupakia makaa tani kwa tani na yeyote aliye ndani ya chumba kile. Kenehan anawageukia wenyeji na kuwaambia kwamba kampuni inawataka wapigane hivi hivi, mweusi na mweupe, mwenyeji na mgeni, ilhali mbele ya mwenye mgodi wote ni vifaa. Kama chama kitawafungia mlango weusi na wachimbaji wahamiaji wa Kiitaliano, basi hicho si chama, ni kikundi.

Usiku mwingine weusi na Waitaliano wanapelekwa mgodini chini ya bunduki za walinzi, na gizani wagomaji wanawaita. Wanasimama kati ya bunduki na sauti zile. Wanasita, kisha mabeleshi yanaanza kuanguka chini, moja, jingine, mengi, na wanavuka kwenda upande wa mgomo.

Hapo ndipo kiini cha filamu, kwa maoni yangu, na watu wengi hukipita wakingojea bunduki za mwisho. Wale walioletwa ili wauvunje mgomo ndio waliouokoa. Lakini angalieni mpangilio wake. Hawakuvuka hadi mtu mmoja wao alipotangulia kwenda mlangoni, na asingepokelewa kama hapangekuwa na mtu wa ndani wa kuwakemea wenzake. Kazi mbili tofauti, watu wawili tofauti, na hakuna anayeweza kuifanya ya mwenzake. Sisi wa Kongo hatuwezi kumkemea mzungu wa Pike kwa niaba yetu wenyewe. Anayeweza ni mzungu mwingine wa Pike. Na yeye hawezi kutuletea Few Clothes wetu.

Baada ya sehemu hiyo tulikula kabla ya kuendelea. Mezani, dada mmoja wa shifti ya mchana alimuuliza kijana wetu analipwa kiasi gani kwa saa. Kijana aliniangalia kwanza, maana msimamizi alishamwambia kwamba kutaja mshahara ni kosa. Si kosa. Sheria ya kazi ya mwaka 1935 inawalinda wafanyakazi wanapozungumzia mishahara yao wao kwa wao, na inawalinda hata kabla ya kuwa na chama. Akataja. Dada yule akataja wake. Kumbe usiku tulikuwa tumeanzishwa chini ya kiwango alichoanzia yeye miaka kadhaa nyuma, huku watu wa mchana wakiambiwa kwamba hawawezi kuongezwa kwa sababu wa usiku wanalipwa ziada. Watu waliacha sahani. Hasira iliyokuwa ikielea mlangoni kati ya shifti mbili ilipata mahali pake halisi jioni ile. Kwa hiyo wekeni chakula katikati ya filamu. Mkikiweka mwisho, watu hula wakiwa wamesimama na funguo za gari mkononi.

Sasa yaliyotuvuruga.

Kuna mtu katika filamu anayeitwa C. E. Lively. Alikuwapo kweli. Alikuwa mpelelezi wa Baldwin-Felts, kampuni ya upelelezi iliyokodiwa na wenye migodi, aliyejifanya mwanachama, akafungua mgahawa pale Matewan, wachimbaji wakawa wanakutana kwake. Katika filamu yeye ndiye anayechochea wenzake watumie bunduki, na yeye ndiye anayepanga uongo kwamba Kenehan ni msaliti ili wachimbaji wamuue wenyewe. Wiki iliyofuata, kazini kwetu watu walianza kutafuta Lively wao. Aliyeongea na msimamizi dakika tano alitiliwa shaka. Ndugu mmoja mpole, anayeendesha mashine ya kufungia maboksi, aliacha kusalimiwa kwa sababu tu alipewa shifti nzuri. Tulimkosea sana, na alirudisha kadi yake. Alikubali kuongea nasi tena baadaye, lakini kadi hakusaini tena.

Kwa hiyo msiache sehemu ya Lively ipite bila maelezo. Kampuni za siku hizi hazihitaji sana mtu wa kujificha. Zinaajiri washauri wanaokuja mchana kweupe, wanavaa vizuri, wanaita mikutano wakati wa kazi na kueleza ubaya wa vyama. Sisi tuliletewa mmoja anayezungumza Kiswahili safi, anayetaja kambi kwa majina, anayewaita wazee "baba". Wazee walimpenda. Mshauri kama huyo, na kampuni inayomlipa, wanatakiwa kwa sheria ya mwaka 1959 kutoa taarifa kwa Wizara ya Kazi ya Marekani, na taarifa hizo ziko wazi mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuzitafuta bure. Tafuteni, chapisheni, mpeni kila mtu nakala. Mzee akiona kwamba huyo mwana anayemwita baba analipwa kwa siku kiasi ambacho yeye hukipata kwa wiki nyingi, hamhitaji kuongeza neno. Na kuhusu wapelelezi wa ndani, dawa niliyoiona ni kutokuwa na siri kubwa. Kusaini kadi ni haki, kukutana ni haki. Majina ya waliosaini yalindwe. Mengine yote semeni kama vile msimamizi anasikia. Na mkiona mtu anawasukuma mfanye fujo au anawaambia fulani ni msaliti, kumbukeni Lively alikuwa akisema hayo hayo.

Jambo la pili ni damu. Filamu ina mauaji ya kijana mmoja, Hillard, aliyekwenda usiku kuchukua makaa ya kampuni na kukamatwa. Wanamtesa ataje walio na chama. Anawatajia majina, na baadaye inajulikana kwamba wote aliowataja ni watu waliokwisha kufa mgodini. Ni sehemu yenye heshima kubwa, na ni vigumu kuitazama. Mama mmoja aliyepoteza ndugu zake Fizi wakati wa vita aliinuka, akatoka nje, na hakurudi. Wengine walibaki lakini walikuwa wameshaondoka kwa mawazo. Watu wetu wengi wana mambo yao ndani ambayo filamu ya kisu na bunduki inayafungua. Waambieni kabla, kwa maneno ya wazi, nini kinakuja na kwa dakika ngapi. Wekeni chumba kingine chenye chai, na mtu wa kukaa nao. Watoto wabaki nyumbani. Jioni ya pili tulifanya hivyo, na yule mama alikuja, akakaa kwenye chumba cha chai wakati wa mapambano ya mwisho, akarudi kwa mazungumzo.

Kwa watu wa kanisa, na sisi ni watu wa kanisa, kuna zawadi ndani ya filamu hii. Danny, kijana mchimbaji anayehubiri, amegundua uongo uliopangwa dhidi ya Kenehan. Wapelelezi wamekuja kanisani kumchunga asiseme. Basi anapanda mimbarani na kuhubiri habari ya Yusufu na mke wa Potifa, mtu aliyesingiziwa na mwanamke, na watu wake wanaelewa, na wapelelezi wanabaki wamekaa hawajui kilichosemwa mbele yao. Ukumbi wetu ulicheka kwa furaha, wengine walipiga makofi. Mchungaji wetu, aliyekuwa na wasiwasi tangu mwanzo kwamba chama ni siasa na siasa haiingii madhabahuni, aliomba nimpe DVD aende nayo nyumbani. Sijui kama alikubali kila kitu, lakini Jumapili iliyofuata alihubiri Kutoka sura ya 5, matofali bila majani, na aliisoma polepole.

Mwishoni mwa filamu ni mapambano ya mjini. Hayo yalitokea tarehe 19 Mei 1920. Wapelelezi wa Baldwin-Felts walikuwa wameshinda siku ile wakizitoa familia za wagomaji kwenye nyumba za kampuni ya Stone Mountain, vyombo vikitupwa nje. Mkuu wa polisi wa mji, Sid Hatfield, na meya, Cabell Testerman, waliwakabili karibu na kituo cha treni. Risasi zilipokwisha walikuwa wamekufa watu kumi: wapelelezi saba, wakiwemo ndugu wawili wa familia ya Felts, wachimbaji wawili, na meya. Hatfield na Testerman ni watu wa historia. Kenehan ni wa kubuniwa, na muwaambie watu hivyo, kwa sababu kwetu kuna vijana waliokwenda kumtafuta mtandaoni wakadhani filamu nzima ni hadithi.

Taa zilipowashwa, swali la kwanza lilitoka kwa akina mama: "Walishinda?"

Vijana wetu wawili watatu walikuwa wamesimama, wamechangamka na zile risasi, wakisema hapo ndipo watu walipoheshimiwa. Ilinibidi nieleze yaliyofuata, na nashauri mtu yeyote atakayeonyesha filamu hii ajiandae kwa dakika hizi kuliko kwa zote. Hatfield na wenzake walishtakiwa kwa mauaji ya siku ile, mahakama ikawaachia. Tarehe 1 Agosti 1921 Hatfield alifika Welch, kaunti ya McDowell, kujibu kesi nyingine. Alikuwa hana silaha, anapanda ngazi za mahakama na mke wake, na rafiki yake Ed Chambers na mkewe. Wanaume hao wawili walipigwa risasi wakafia hapo, na Lively, yule wa mgahawa, alikuwa miongoni mwa wauaji. Hakuna aliyefungwa. Mwisho wa mwezi huo wachimbaji wapatao elfu kumi, vitambaa vyekundu shingoni, waliandamana na bunduki kuelekea kaunti za Logan na Mingo. Kwenye mlima Blair walipambana kwa siku kadhaa na jeshi la sherifu wa Logan, Don Chafin, aliyelipwa na makampuni, na ndege za kukodi ziliwadondoshea mabomu. Jeshi la serikali ya Marekani lilipofika, wachimbaji walirudi nyumbani. Wengi wao walikuwa wamepigana vita vya dunia wakiwa wamevaa sare hiyo hiyo. Mamia walishtakiwa, baadhi kwa uhaini dhidi ya jimbo. Mwaka 1922 mgomo wa Mingo ulikwisha bila mafanikio, na chama katika jimbo lile kikaporomoka.

"Kwa hiyo walishindwa," mmoja wa vijana akasema, akakaa.

Walishindwa kwa miaka kumi na moja. Mwaka 1933 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowapa wafanyakazi haki ya kujiunga na vyama wanavyovichagua, na machimbo ya West Virginia yakajiunga kwa wingi ndani ya miezi michache tu. Hawakuanza upya. Watu walikuwa wanajuana: Waitaliano, weusi na wazungu waliolala kwenye mahema pamoja baada ya kufukuzwa, waliozika pamoja. Katika filamu kuna usiku kwenye mahema ambapo Mwitaliano anapiga mandolini upande mmoja, na mwenyeji upande wa pili anaanza kumfuata kwa fidla, kisha harmonika inaingia. Nawasihi msiiruke sehemu hiyo kwa kuona ni muziki tu.

Baadaye tulikwenda Matewan, gari tatu, wa usiku na wa mchana tukiwa tumechanganyika. Kutoka Lexington ni mwendo wa saa tatu hivi. Filamu yenyewe ilipigwa Thurmond, mji mwingine wa reli kwenye bonde la New River, lakini Matewan ndiko yalikotokea. Kuna jumba la makumbusho la vita vya migodi, lililofunguliwa mwaka 2015, na kwenye ukuta wa matofali wa posta ya zamani matundu ya risasi bado yapo, mtu anaweza kuyatia kidole. Ukuta wa kuzuia mafuriko umechorwa historia ya mji. Kama mnaweza, nendeni baada ya kutazama filamu, si kabla. Mzee wa Fizi alisimama kwenye reli muda mrefu, akamuuliza yule wa Pike watu wa treni walishukia wapi, na wawili hao wakaondoka kuelekea huko bila mkalimani.

Kura yetu ilifanyika. Ili kuomba uchaguzi wa chama, Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi, chombo cha serikali kinachosimamia kura za vyama, inadai sahihi za angalau asilimia 30 ya wafanyakazi. Sisi tulikuwa na zaidi ya nusu. Lakini kadi si kura. Katika wiki za mwisho, kati ya mikutano ya mshauri na uvumi kwamba chama kitaharibu faili za uraia, tulipoteza watu, na tukashindwa kwa kura chache. Uvumi ule ulikuwa uongo: sheria hii inamlinda mkimbizi kama inavyomlinda mzaliwa wa hapa, na kupigia chama kura hakugusi maombi ya uraia. Tulikuja kulijibu hilo kwa maandishi likiwa limeshakaa vichwani wiki mbili. Lijibuni siku ya kwanza, kwa Kiswahili, kwenye karatasi ambayo mtu anaweza kumpelekea mke wake nyumbani. Siku ile nililia kwenye gari, na kwa mwezi mzima nilikuwa sitaki kumwona mtu.

Sheria inasema miezi 12 ipite kabla ya kura nyingine katika kikundi kile kile cha wafanyakazi. Tuko ndani ya muda huo. Shifti zinasalimiana mlangoni. Kamati mpya ina watu wa usiku na wa mchana kwa idadi sawa, na yule mama wa chumba cha chai ni mmoja wao. Safari hii tumeshakubaliana kwamba ombi likipelekwa, tutaiomba Bodi mapema tangazo la uchaguzi na karatasi za kura ziwe na Kiswahili na Kinyarwanda pamoja na Kihispania, maana hilo linaruhusiwa, na mara ya kwanza kuna wazee walioingia kwenye chumba cha kura wakiwa na karatasi wasiyoweza kuisoma.